Betri Haipasuliwi Uani

Imezuka desturi ya kumsifu kila afufuaye kilichokufa. Fundi akipasua betri tatu mbovu, akachagua seli zilizo hai na kuziunganisha ziwe betri moja inayowasha taa, watu humwita mbunifu na wageni humpiga picha. Sisemi kwamba fundi huyo hana akili. Anazo, tena nyingi. Nasema kwamba sifa hizo ni rahisi mno, kwa kuwa anayezitoa hatoi kitu kingine, na gharama ya kazi ile hulipwa na mtoto achezaye hatua tatu kutoka pale inapofanyika. Makala haya yanapinga kazi hiyo kufanywa katika nyua za nyumba zetu, hapa Kizuka na katika mwambao wote wa Rumonge. Yanampinga zaidi yule anayeuza betri, akapokea fedha, kisha akasahau kwamba aliiuza.

Kwa wanafunzi wanaonisoma kutoka mbali, sharti kwanza nieleze kwa nini betri ni jambo kubwa kwetu. Ndagala, samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa, huvuliwa usiku usio na mwezi. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, samaki hukusanyika chini ya mwanga, na wavu huinuliwa. Zamani mwanga huo ulitoka katika karabai, ile taa ya mafuta yenye kupigwa pampu. Siku hizi, katika ziwa la Tanganyika, wavuvi wengi hutumia taa za LED zinazopata nguvu kutoka katika betri, kwa maana mafuta ni ghali na mara nyingine hayapatikani. Nchi kavu nako hali si tofauti sana. Umeme wa taifa huwafikia Warundi wachache, takriban mtu mmoja katika kila kumi, hivyo betri na kibao cha jua ndivyo vinavyowasha taa ya chumbani, kuchaji simu na kumwezesha kinyozi kunyoa. Palipo na betri nyingi hapakosi betri mbovu nyingi.

Betri ya volti 12 si chombo kimoja. Ni vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja ndani ya sanduku la plastiki, na kila chumba ni seli inayotoa volti mbili na kidogo. Ndani ya kila seli mna mabamba ya risasi, na mabamba hayo yamezama katika asidi ya salfa iliyopunguzwa nguvu kwa maji. Betri nzima iliyojaa, ikipumzika, husoma volti 12.6 au 12.7. Seli moja ikifa kwa sababu unga wa mabamba umeporomoka na kujikusanya chini hata mabamba yakagusana, betri husoma 10.5 hivi, na mwenyewe huitangaza kuwa imekufa. Kumbe seli tano bado zina uhai. Hapo ndipo fikra ya kuokoa inapozaliwa, na si fikra ya kipumbavu: kwa nini kutupa tano kwa kosa la moja?

Fundi hukata kifuniko kwa msumeno au kisu kilichopashwa moto. Humwaga asidi, mara nyingi ardhini, kwa sababu hana pa kuiweka. Hutoa seli iliyokufa na kuziba pengo kwa kipande cha risasi kilichoyeyushwa juu ya jiko la makaa, au huleta seli nzima kutoka betri nyingine. Kisha huziba kifuniko na kurudisha asidi. Taa huwaka, mteja hufurahi, na sisi tulio kando hupiga makofi.

Tuipime kwanza kazi yenyewe kwa kipimo cha ufundi, kabla hata ya kugusa habari ya sumu. Chaja ya betri ya volti 12 husukuma kiasi cha volti 14.4, ikitarajia kukuta seli sita, yaani volti 2.4 kwa kila moja. Ikikuta seli tano, kila seli hupata karibu volti 2.9. Asidi huchemka, maji huisha, na hewa ya haidrojeni hutoka kwa wingi. Haidrojeni hiyo hungoja cheche moja tu ili ilipuke na kurusha asidi usoni mwa aliye karibu. Kama fundi ameziba pengo kwa seli ya betri nyingine, basi ameunganisha wazee na vijana katika kazi moja ya kupokezana. Seli dhaifu humaliza nguvu kwanza, na zenye nguvu huendelea kuisukuma hata ikageuka, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya. Miezi michache baadaye betri hiyo ya kuokolewa inarudi ileile njia. Taa za LED hazimwonyi mteja mapema, maana nyingi huwaka hata volti zikishuka. Kwa hiyo mteja huamini amenunua betri, hali amenunua muda mfupi tu, na risasi imeguswa mara mbili badala ya mara moja.

Sasa habari ya lugha, kwa kuwa hili ni darasa la Kiswahili na mimi sikuisahau kazi yangu. Neno *risasi* lina maana mbili. Ni ile madini nzito, laini, yenye rangi ya kijivu. Na ni kile kinachotoka katika bunduki. Maana ya pili imetokana na ya kwanza, kwa kuwa risasi za bunduki zilitengenezwa kwa madini hiyo. Msikilizaji wa kawaida akisikia “risasi” hufikiri vita, na katika nchi hii hatuna haja ya kuulizana kwa nini. Hafikiri unga wa kijivu uliobaki kwenye shati la baba arudipo kutoka kazini. Neno la pili ni *maji ya betri*. Mmoja hulitumia kwa maana ya maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, ambayo huongezwa betri inapokauka, nayo hayana madhara. Mwingine hulitumia kwa maana ya asidi yenyewe. Mtoto aambiwaye “niletee maji ya betri” atajuaje chupa ipi ni maji na ipi itamchoma? Naomba wanafunzi wangu waseme *asidi* wanapomaanisha asidi. Usahihi wa neno hapa hauna uhusiano wowote na mapambo ya usemi.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Shirika hilohilo linaeleza kwamba mtoto mdogo anayemeza risasi huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mwili huidhania kuwa kalisi, ukaificha mifupani, na mwanamke akipata mimba miaka mingi baadaye mifupa huirudisha katika damu, nayo ikamfikia mtoto aliye tumboni. Haina harufu. Mtoto aliyekula kiasi kidogo haanguki siku ileile. Hupungukiwa damu, tumbo humsokota, huwa mkali bila sababu, na darasani huwa mzito wa kukumbuka. Mwalimu humwita mvivu. Ninaposema jambo hili nazungumza na walimu wenzangu pia: tumewaadhibu wangapi kwa uvivu ambao pengine uliingia kwa njia ya mkono na mdomo? Aliyekula kingi zaidi hupata degedege na huweza kufa.

Msije mkadhani natia chumvi. Katika Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar kilicho pwani ya Senegal, watu walizoea kuvunja betri za magari na kuchukua risasi yake. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi walianza kuchimba hata mchanga uliochanganyika na mabaki ya kazi hiyo, wakaupeleka nyumbani kuuchekecha. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hapakuwa na kiwanda kikubwa chenye bomba la moshi. Palikuwa na chekeche, mchanga, akina mama waliotafuta riziki, na watoto waliokuwa karibu nao kama watoto wote walivyo. Natilia mkazo mfano huu kwa sababu wengi wetu husikia “uchafuzi” na kufikiri mitambo. Mauti yale yalitoka katika kazi ndogo ya nyumbani, ya aina ileile tunayoisifu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, kwa wenzetu wa Afrika Mashariki, nao watufundisha jinsi raia wanavyodai haki yao. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu. Mwaka 2009 mwanamke mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa huko. Mwanawe aliyekuwa bado akinyonya aliugua. Madaktari walimpima magonjwa yale tunayoyapima sisi sote kwanza, malaria na homa ya matumbo, na hawakuona kitu, hadi ilipoonekana kwamba damu yake ilikuwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, akaachiwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na deni hilo likawaangukia wamiliki pamoja na idara za serikali zilizopaswa kusimamia. Mahakama ya Rufani ilitengua amri hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Hesabuni miaka hiyo. Tangu mtoto kuugua hadi hukumu ya mwisho ni muda unaomtosha mtoto mchanga kumaliza shule ya msingi. Na hao walikuwa na mshitakiwa mwenye jina na lango. Je, sisi wa Kizuka, ambao betri zetu hupasuliwa moja moja, ua huu na ua ule, tutamshitaki nani? Zahanati zetu zitampima mtoto malaria, zitampa dawa ya malaria, na faili litafungwa.

Najua nitajibiwaje. Nitaambiwa maskini hana la kuchagua, na kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Methali hiyo naipenda, lakini ilitungwa kwa jungu la wali. Ukoko wa jungu hili hauliki. Na hoja ya kwamba maskini hana la kuchagua ina kasoro moja kubwa: kila mara hutolewa na mtu ambaye si maskini, naye huitoa ili yeye mwenyewe asiwe na la kufanya. Muulizeni mvuvi kama angependa betri ya kuokolewa au betri nzima kwa bei anayoiweza, mtapata jibu bila kumaliza swali. Alichonyimwa ni hilo la pili.

Wazee nao watasema kwamba kutengeneza betri ni kazi ya tangu zamani. Ni kweli. Betri za zamani zilikuwa na sanduku la mpira mgumu, kifuniko kilichozibwa kwa lami, na vipande vya risasi vilivyounganisha seli vikipita juu, mahali panapoonekana. Fundi aliyeyusha lami, akatoa seli nzima kama mtu atoaye mkate tanurini, akabadilisha na kurudisha. Zilitengenezwa ili zifunguliwe. Betri ya leo imezibwa kwa kuyeyushwa plastiki kwa plastiki, na viungo vya seli vimepita ndani ya kuta. Kuifungua ni kuivunja. Ufundi wa babu haukurithiwa hapa. Kilichorithiwa ni jina lake tu.

Lakini sitaki msomaji aondoke akidhani namfukuza fundi. Sehemu kubwa ya betri tunazoziita mbovu hazihitaji kisu. Nyingine zimekauka tu, na zile zenye vizibo huongezwa maji safi yasiyo na chumvi. Nyingine zimeachwa bila chaji majuma mengi, mabamba yakaota ukoga mweupe, na huweza kurudi kwa kiasi fulani zikichajiwa polepole kwa siku kadhaa. Fundi mwenye kipimo cha volti, na kile kibomba cha kioo chenye kielezi cha kupima uzito wa asidi katika kila seli, aweza kumwambia mteja kwa dakika chache seli ipi imekufa na ipi inadanganya. Kazi hiyo ni ya heshima. Inahitaji miwani ya kinga, glavu, maji mengi karibu, na mahali penye hewa, mbali na jiko na watoto. Ikibainika kwamba seli imekufa kabisa, betri isipasuliwe. Irudi ikiwa nzima, na asidi yake ndani.

Irudi wapi? Hapa ndipo ugomvi wangu na muuzaji unapoanza. Kila mtoto wa Rumonge anajua kwamba chupa ya Fanta haitupwi. Ukienda dukani bila chupa tupu, unalipa fedha ya chupa juu ya bei ya kinywaji, ukirudisha, unarudishiwa. Kwa sababu hiyo huoni chupa hizo zikielea ziwani. Kwa nini chupa ya kioo, isiyomdhuru mtu isipovunjika, ina safari ya kurudi, na sanduku lenye kilo kadhaa za sumu halina? Katika majimbo mengi ya Marekani sheria humtaka mnunuzi wa betri mpya arudishe ya zamani, au aache rehani, na muuzaji hana ruhusa ya kuikataa. Huko karibu betri zote za risasi hurudi viwandani. Watu wa huko hawana uadilifu kutuzidi. Wamewekewa fedha mahali pafaapo.

Rehani hiyo sharti ipite thamani ya risasi anayoipata mtu kwa kuivunja betri, la sivyo kisu kitashinda. Aidha, asilipwe mtu kwa betri iliyomwagwa asidi. Mnunuzi wa chuma chakavu hupenda betri kavu kwa kuwa ni nyepesi kusafirisha na hununua kwa uzito wa risasi tu, na upendo wake huo ndio unaomfundisha mwananchi kumwaga asidi nyuma ya nyumba. Tena muuzaji wa mitambo ya jua, ambaye huja na gari lenye picha nzuri na maneno ya maendeleo, asiruhusiwe kuuza betri kumi kijijini asipoonyesha atakavyozichukua hizo kumi zitakapozeeka. Gari lililoleta mzigo mpya hurudi Bujumbura tupu au nusu. Nafasi ipo.

Kuhusu ziwa nitasema kifupi, maana wengi wamelisema. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa la Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, na mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaoyatoa maji yake. Kinachoingia hukaa humo kwa mamia ya miaka. Mwaka 2024 maji yalipopanda na kuingia katika nyumba za mwambao, yaliosha kila kilichokuwa kimemwagwa ardhini. Tunachota humohumo. Mkataba wa mataifa manne hauwezi kuchunga kila ua, ila baraza la komuni laweza kuanza na maduka yanayouza betri, ambayo hayajifichi.

Basi zoezi la juma hili. Andika barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa komuni yako, au wa mahali unapoishi kama uko ng'ambo. Eleza betri kuukuu za mtaani kwako huenda wapi. Usikisie, nenda ukaulize muuzaji mmoja, fundi mmoja na mvuvi au kinyozi mmoja. Kisha pendekeza kiasi cha rehani na utaje nani ataishika fedha hiyo, kwa kuwa swali hilo ndilo litakaloulizwa kwanza. Tumia *-nge-* na *-ngali-* mahali pake, na utofautishe *risasi* na *asidi*. Majina ya uliowauliza usiyaandike. Barua zitakazokuwa na majibu ya kweli nitawaomba ruhusa wenyewe, nizipeleke kwa pamoja kabla ya msimu wa mvua.